Damu Isiyosahau

Apollinaire alipata wazo lake kwa kinyozi, povu likiwa kwenye shavu moja. Redio ilisema wataalamu wanatafiti namna ya kupima damu ili kugundua mapema ule ugonjwa wa uzeeni unaokula kumbukumbu, kabla mtu hajaanza kusahau majina ya watoto wake. Wateja wengine walisikia habari njema ya afya. Apollinaire alisikia sufuria ikichemka. Akatoka mbio na ndevu za upande mmoja.

Kesho yake alikuwa daktari. Alivaa koti jeupe, akafunga kisanduku cha barafu nyuma ya pikipiki yake nyekundu, akaanza kuzunguka Nyalukemba. Hakutafuta wagonjwa. Alitafuta warithi wenye haraka, na mji wetu, tumshukuru Mungu, haujawahi kuwakosa.

Firmin alikuwa mmoja wao. Baba yake mkubwa, mzee Mushagalusa, mjane asiye na mtoto, aliishi peke yake katika nyumba inayotazama ziwa, na Firmin alikwisha kuipatia mnunuzi. Kilichobaki ni kitu kidogo tu: mzee apotewe na akili.

"Docteur," Firmin alinong'ona, "ile damu inaweza kusema kama mutu anasahau?"

"Damu inasema kila kitu, ndugu yangu. Inategemea nani anaiuliza."

Wakaelewana kwa beberu mmoja mnene, ambaye siku hiyohiyo alitolewa kimyakimya uani kwa mzee.

Mzee Mushagalusa alimpokea daktari vizuri, akakunja mkono wa shati mwenyewe. Akatulia akimwangalia Apollinaire akitafuta mshipa mahali ambapo Muumba hakuuweka.

"Docteur," mzee akasema polepole, "muke yangu Mapendo, mbele ya kufa, alikuwa ananiita padri. Kila asubuyi anapiga magoti, anataka kuungama kwangu. Mimi bwana yake! Nikakubali kuwa padri, nikamusamehe zambi zote. Hii ugonjwa ninaiogopa kuliko kufa."

Apollinaire karibu aone haya. Kwa bahati haya yenyewe haikukaa, maana mzee aliendelea:

"Najua Firmin njo amekutuma. Sasa unisikie. Kama damu yangu inaonekana muzima mbele ya batu yote, niko na shamba ya kahawa kule Nyangezi. Itakuwa yako."

Mbuzi ni mbuzi, lakini shamba ni shamba. Sayansi ikabadilisha maoni papo hapo.

Jumapili baada ya misa, ukoo ulikusanyika uani pamoja na Papa Gaston, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, na majirani waliokuja kwa ajili ya ukweli na harufu ya nyama. Apollinaire akainua kichupa chekundu juani.

"Batu ya Nyalukemba! Nimeona damu mingi, lakini kama hii, hapana! Hii damu haisahau kitu! Kile muzee anakumbuka, njo kweli, mbele ya sayansi na mbele ya Mungu!"

Makofi yakapigwa. Firmin naye akapiga, taratibu. Angelalamika, ingebidi aeleze habari za beberu.

Apollinaire akamwinamia mzee. "Papa, na ile shamba?"

"Shamba gani?" mzee akauliza kwa sauti kubwa ya kanisani. "Damu yangu haisahau kitu, na shamba ya Nyangezi siikumbuke. Lakini ile moto nyekundu," akanyooshea pikipiki kidole, "ninaikumbuka. Iko yangu. Nilimuazima huyu kijana aende nayo Mudaka, akakawia kurudi."

"Papa anachanganya!" Apollinaire akaruka. "Anasahau!"

"Anasahau?" Papa Gaston akasimama. "Docteur, sasa hivi umeapa nini mbele ya Mungu?"

Hapo daktari akakwama. Akisema mzee amekosea, damu ni ya uongo. Damu ikiwa ya uongo, atalala polisi. Hati za pikipiki hakuwa nazo, kwa sababu anazozijua mchungaji mmoja wa Mudaka, anayeitafuta hadi leo. Akatoa ufunguo.

"Na viatu," mzee akasema.

Akavua viatu.

Mzee akamvuta sikio, akanong'ona: "Wale badocteur ba kweli balinipima mwezi uliopita, bule. Hawakukula mbuzi ya mutu. Na banasema damu peke yake haitoshi, lazima bakae na mutu, bamuulize maneno. Weye hata jina ya muke yangu haukuuliza, nilikuambia mwenyewe."

Apollinaire akaelekea mlangoni kwa soksi. Nje ya ua akakuta wazee wa mtaa mzima wamejipanga, mikono ya nguo imekunjwa hadi mabegani, macho yanang'aa.

"Docteur, na siye! Tupime na siye!"

Bibi mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, hakusubiri hata sindano. Alimkagua Apollinaire kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayerudishiwa kitu chake.

"Ile patalo," akasema, "ninaanza kuikumbuka."

Apollinaire akashika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akatimua mbio.