Mteremko Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametuita, mimi na mwanyumba wangu, yule aliyemuoa mdogo wa mke wangu. Mteremko nyuma ya jiko lake unamomonyoka na mvua zimekaribia. Jiko lile ndilo linalomlisha. Huwapikia wafanyakazi wa kiwandani. Tutandaze nyavu za katani, tupande majani, mizizi ishike udongo. Mimi nimepewa upande ulio juu ya jiko, kwa kuwa ndimi mkwe mkubwa. Mwanyumba, fundi mwashi mzima, kapewa upande wa choo. Kanuna. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumanne, 4 Machi
Katani ikilalia udongo mbichi huoza kabla majani hayajashika. Lazima itiwe dawa. Mwanyumba kanunua dawa dukani, kaloweka nyavu zake kwenye pipa, sasa kazianika. Anasema zikauke mpaka Ijumaa. Ijumaa! Mvua inamsubiri yeye? Mimi nimewaza mafuta. Maji na mafuta hayapatani, hata mtoto anajua. Muuza samaki wa kukaanga kanipa ndoo ya mafuta machafu, bure. Tena yeye ndiye aliyenishukuru.

Jumatano, 5 Machi
Nimetandaza, nimepigilia vigingi, nimemaliza kabla ya adhuhuri. Mwanyumba bado anageuza nyavu zake juani. Nikampitia nikipiga mluzi. Akauliza mbona upande wangu unanukia chakula cha mchana. Nikamwambia wivu ni ugonjwa. Mama mkwe kanisifu mbele ya watu. Mke wangu alinitazama tu. Sipendi akinitazama hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Mbwa. Sikujua mtaa huu una mbwa wengi namna hii. Wamefukua mteremko mzima wakitafuta samaki, na nyavu wamezitafuna. Nikawarushia mawe. Mawe yakabomoa kilichobaki. Nimefunika mashimo kwa majani makavu. Ukiwa mbali hujui. Mke wangu kasema nimwambie mama yake ahamishe vyombo. Nikasema nitamwambia. Mwanyumba kaniletea nyavu zilizomzidi. Nimezirudisha. Nyavu za huruma sizitaki.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua imenyesha. Mwanyumba alikuwa ametandaza zake jana, na hakuna hata kokoto iliyosogea. Choo kiko salama salimini. Upande wangu umeingia jikoni kwa dirishani na kuzika masufuria yote. Mama mkwe hakunigombeza. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akauliza kesho atawapikia nini watu wake. Niliona aibu. Tukazoa matope, mimi na mwanyumba.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kapikia uani, chini ya turubai, kwa masufuria ya kuazima. Wateja wake wamekuja, ashukuriwe Mungu. Kaamua mteremko wote atautengeneza mwanyumba. Nimembembeleza mpaka nimepiga magoti. Kanipa kipande kidogo pembeni, kando ya ua wa jirani.

Nimetafakari. Mafuta hayakuwa na kosa, kosa ni la mbwa. Safari hii nitaloweka nyavu kwenye maji ya chumvi. Chumvi huzuia hata nyama isioze, na mbwa hataigusa. Nimemweleza jirani, yule mfuga mbuzi. Kafurahi sana. Kauliza nitatandaza lini, na kama naweza kuongeza chumvi kidogo. Hatimaye nimepata mtu anayethamini akili.