Ukurasa Wenu Umemnunulia Mpwa Wangu Gari la Daraja la Chini

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Mimi ni mzima, ukiondoa mkono wa kulia, ambao nitaueleza katika lalamiko la nne.

Hunijui, na hilo nalo ni kosa, lakini silihesabu. Mimi ndiye Mjomba Gia. Jina hili nilipewa mwaka ule nilipoleta lori la saruji mjini kwa rivasi tupu, gia nyingine zote zikiwa zimekufa, kilomita sitini na kitu, na njiani nikawapita madereva wawili waliokuwa wanakwenda mbele. Mmoja wao yu hai, ila kumbukumbu imemtoka.

Tangu hapo hakuna mtu wa ukoo wetu anayenunua gari kabla sijalipitisha. Nalikalia, nalisikiliza, kisha nalipiga makofi kwenye buti. Makofi mawili, gari limepita. Kofi moja, lirudi lilikotoka. Shemeji yangu alinunua moja bila makofi, na mpaka leo kuku wanatagia ndani yake.

Sasa mpwa wangu mkunga, mtoto wa dada yangu, amejibana miaka minane ili anunue gari. Akalipenda lile gari dogo lenye buti lake nyuma mnaloliandika sana, la bei ya watu wa kawaida, linalouzwa kwa madaraja matatu: la chini, la kati na la juu. Mimi nilikwisha sema la juu. Nilisema nyumbani, nikasema kwa kinyozi, nikasema hata kwa fundi viatu ambaye hakuwa ameniuliza. Akanunua la chini.

Siku ya pili yake, nikitafuta kalamu kwenye mkoba wake, nikakuta ukurasa wa gazeti lako umekunjwa mara nne kwa heshima, kama cheti. Kichwa cha habari kilikuwa kinasema kwamba daraja la chini ndilo lenye thamani. Hapo nikamjua adui. Nimeusoma upande huo mara tatu mpaka wino umehamia kwenye vidole vyangu, na malalamiko yangu ni haya.

1. Mwandishi wako anasema injini ni ile ile katika madaraja yote matatu. Giaboksi ile ile, breki zile zile, mifuko ya hewa idadi ile ile. Kisha anauliza, kwa utulivu wa mtu asiye na majirani, anayenunua daraja la juu analipia nini hasa. Ndugu Mhariri, injini inakaa chini ya boneti. Nani anaiona? Nina miaka hamsini na nne na sijawahi kusikia mtu akisifiwa giaboksi barabarani. Watu husifiwa rimu. Daraja la juu lina rimu zinazong'aa. La chini lina vifuniko vya plastiki, na wiki ya kwanza tu kimoja kilichomoka, kikatupita, kikafika kwenye taa za barabarani kabla yetu.

2. Anauliza nani anahitaji paa la kioo, nani anataka kutazama mawingu akiwa safarini. Mimi. Enzi zangu za lori nilikuwa natazama juu mara moja tu, nawaambia mvua itanyesha saa tisa kasoro robo, na kampuni nzima inafunika saruji kwa neno langu.

3. Hili ni la aibu, nalileta kwa sababu mimi ni mkweli. Mwandishi wako anashauri mnunuzi ayalinganishe madaraja "bila kuyumbishwa na mapambo". Mimi nilikuwa nafanya hivyo kabla yeye hajaota meno. Tulipofika pale wanapouzia, magari matatu yalikuwa yamepangwa sambamba, yamepigwa nta mpaka unaweza kunyolea ndevu mlangoni. Nikatoa kitambaa changu cha jasho, nikamwambia mpwa wangu anifunge macho, aniingize katika gari moja baada ya jingine. Muuzaji alisita kidogo; ni dhahiri hakuwa amewahi kukutana na mtaalamu.

Nikawa nakaa, nafunga mlango, nasikiliza mlio, nashika usukani, nanusa. La kwanza nikasema hapana. La pili nikasema lina majivuno. La tatu, Ndugu Mhariri, mlango ulijifunga kwa mlio wa gunia zito linapotua, na kiti kikakipokea hiki kiuno changu kinachonisumbua kama kilikuwa kinakijua. Nikasema kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la malipo, "Hili ndilo la juu, msinidanganye," nikashuka na kitambaa usoni, nikapapasa mpaka nyuma, nikalipiga makofi mawili.

Nilipofunguliwa, muuzaji alikuwa anatazama viatu vyake. Lilikuwa la chini. Mpwa wangu hakucheka. Alisema tu, "Basi, Mjomba, nachukua hilo ulilolipitisha."

Alisema hivyo kunifichia aibu, nalielewa hilo, maana uamuzi alikuwa nao mkobani tayari, na una jina la gazeti lako. Nina hakika pia kwamba muuzaji aliyabadilisha magari nafasi nikiwa sioni. Nilimwuliza mbona basi sikusikia injini zikiwashwa. Akajibu kwamba ni kwa sababu hazikuwashwa. Hilo ni jibu la mtu mwenye hila.

4. Vioo vya nyuma. Katika daraja la chini havina kitufe, vinazungushwa kwa mkono. Mwandishi wako amelimaliza jambo hili kwa mstari mmoja, kwamba "abiria wa nyuma watazoea". Abiria wa nyuma ni mimi. Sijazoea. Nikipanda asubuhi nafungua, vumbi likija nafunga, likipita nafungua, na jioni nashindwa kuinua kijiko.

Halafu, kwa ajili ya kulinda jina la ukoo mliloliharibu, nililazimika kwenda kwenye duka la vipuri kununua zile herufi za chuma za daraja la juu, nikazibandika kwenye buti. Sikufanya udanganyifu. Nililisaidia gari lifikie kiwango nilichokwisha kukitangaza. Kinyozi akaziona, akatoka nje na taulo begani, akalizunguka gari taratibu, akachungulia dirishani, akakiona kile kishikio cha kuzungushia kioo. Akasema, "Mjomba Gia, kumbe siku hizi daraja la juu linazungushwa kama cherehani?" Wateja wawili walicheka wakiwa na povu nusu ya uso. Tangu siku hiyo nafuga nywele.

5. Sasa nafika penyewe. Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu, fundi bomba, alitwambia tukiwa tumekaa sebuleni kwa dada kwamba naye anataka gari. Nikakohoa kidogo, nikakaa vizuri, nikaandaa kiganja. Akamgeukia mpwa wangu, akamwuliza yeye kuhusu gari lake. Mimi nilikuwa hapo hapo, kikombe mkononi, sijaondoka wala sijafa. Miaka thelathini ya makofi, Ndugu Mhariri, na nikawa kama kalenda ya mwaka jana, ambayo mtu haitoi ukutani kwa sababu tu itaacha doa. Nikachukua kikombe changu nikaenda kunywea jikoni. Hata sukari sikuisikia.

6. Mkiachiwa mtafika mbali. Leo mnasema gari la daraja la chini linatosha kwa sababu injini ni ile ile. Kesho mtasema kitanda kisicho na nakshi kinalalika vile vile. Keshokutwa, koti lisilo na bitana linazuia baridi ile ile. Mtondo watu watasema aliyeishia darasa la sita ana akili ile ile ya aliyemaliza chuo, na hapo hawatakuwa wamekosea, lakini itakuwa ni bahati tu. Mwisho wa yote mwenye gazeti atasoma ukurasa wako mwenyewe, atapiga hesabu, na atakuondoa kwenye hicho kiti amweke mhariri wa daraja la chini, injini ile ile, bila kiyoyozi. Utaniandikia mimi nikutetee, nami sijui kama nitakuwa na nafasi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, ukurasa wa magari ufungwe au nikabidhiwe mimi. Naomba mwandishi wake aje kwa kinyozi siku yenye watu, asimame kwenye mlango, aseme mbele ya wote kwamba thamani ya gari hupimwa na wanaoliona likipita. Naomba pia gazeti lilibadilishe gari la mpwa wangu kwa la daraja la juu. Mazulia ya ndani hatutayadai, tutahama na yale yale.

Nisalimie wachapaji wako, wauza magazeti wote, na mama anayewachemshia chai hapo ofisini, ambaye hana kosa. Mwandishi wa magari usimsalimie. Mwambie tu kwamba nipo.

Niliyekwazwa na bado mwenye adabu,

Mjomba Gia
Mpitishaji wa magari, ukoo mzima

Nyongeza. Kabla sijafunga bahasha, mpwa wangu amekuja kudai kalamu yake, akaisoma barua yote akiwa amesimama mlangoni. Ndugu Mhariri, hajausoma ukurasa wako. Hakujua hata kama mnaandika habari za magari. Ameniambia niugeuze. Upande wa pili kuna orodha ya wakunga walioitwa kazini katika hospitali ile ya nje ya mji, naye ni wa nne kutoka juu. Ndiyo maana aliutunza, na ndiyo maana alihitaji gari sasa hivi. Siku ile ya kitambaa alikuwa amekwenda kuchukua la kati, kwa mkopo. Nikamwuliza, sasa nani alikugeuza? Akasema, "Si wewe, Mjomba? Ulifunga macho ukalipiga makofi mawili."

Na fundi bomba, kumbe, alikuwa anamwuliza nani alimchagulia. Mimi nilikwisha kwenda jikoni kabla jibu halijatoka.

Kwa hiyo yafute malalamiko yote. Gari la daraja la chini ndilo lenye thamani, na mimi nililijua hilo nikiwa na kitambaa usoni. Mwandishi wako alihitaji macho yote mawili na ukurasa mzima. Namsubiri aniombe radhi kwa kuninakili. La nne tu libaki, maana mkono bado unauma.

Zile herufi mpwa wangu amenibandulisha. Zimeacha alama kwenye rangi ya buti, na kinyozi akiuliza ni alama ya nini, hapo ndipo kiganja changu kilipotua. Kesho asubuhi naenda na fundi bomba kumtazamia gari. Kitambaa nimekifua, kiko kambani.