Ombi la Kuondolewa kwa Mkunga Asiyeruhusu Watu Kufa

Kamati ya Wodi ya Wazazi,
Kijiji cha Phirilanjuchi.

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Afya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa chini ya feni, kama nilivyokukuta mara zote tatu nilizokuja. Mimi ni Sangwani Harawa, karani mstaafu wa mnada wa tumbaku na mwenyekiti wa kamati ya wodi mpya ya wazazi hapa kijijini. Nakuandikia kwa heshima kukuomba umwondoe mkunga wetu, NyaMsowoya, kwa miezi sita hivi, au mpaka wafe kina mama wa kutosha. Usishtuke kabla ya kusoma sababu. Nimezipanga.

1. Kwanza, alikuja. Hilo hatukulitarajia. Matofali tulifyatua wenyewe, wafadhili wakaleta mabati, mgeni rasmi akakata utepe, akala mbuzi, akaondoka. Kwa miezi kumi na moja baada ya hapo wodi iliendeshwa vizuri sana, bila mhudumu wala mgonjwa. Wanawake waliendelea kupakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda hospitali ya misheni, kilomita thelathini na nne, na wengine walifika. Kamati ilifanyia mikutano yake wodini kwa sababu mna ubaridi mzuri. Tumbaku yetu ilining'inia katika chumba cha watoto. Mimi, kwa cheo changu, nilipewa kitanda cha kujifungulia kwa mapumziko ya mchana.

Siku NyaMsowoya aliposhuka kwenye lori la mbolea na sanduku lake la bati, alinikuta nimelala palepale, miguu nimeipandisha kwenye vile vyuma vya kuwekea miguu ya wazazi. Hakunikemea. Alivaa glovu, akaniuliza kwa upole: "Baba, uchungu unakujia kila baada ya dakika ngapi?" Wajumbe wangu wote walikuwepo. Tangu siku hiyo nikipita sokoni naulizwa kama mtoto hajambo.

2. Zamu. Kwa kuwa ofisi yako ilimleta peke yake, bila mfagizi, bila mlinzi, bila mtu wa maji, tulijua atakaa chini alalamike kama watumishi wengine, nasi tungemsaidia kulalamika. Kazi hiyo tunaiweza. Badala yake alibandika mlangoni karatasi yenye majina ya wanaume. Nyakwawa wetu, mkuu wa kijiji chenye kaya mia nne, yumo: Jumanne, ndoo sita, kutoka mtoni. Na anazibeba kichwani, kwa sababu mkononi humwagika.

Nilikwenda kumweleza mkunga kwamba mambo yana utaratibu, na kwamba barua ya kuomba pampu imeshaandikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akinawa mikono. "Baba Harawa," akasema, "mimi pampu naweza kuingoja. Huyu aliyelala humu ndani hawezi. Wewe ni Alhamisi."

Nami ni Alhamisi hadi leo.

3. Anawaingiza waume ndani. Bwana Zgambo, mchuuzi wa mafahali, mtu ambaye hata mbwa wa jirani humpisha, alishika mkono wa mkewe kwa dakika nne, kisha akaanguka chali na kuvunja beseni. Mkewe alijifungua huku anacheka. Sasa Zgambo akianza kufoka nyumbani kwake, anaulizwa kama angependa kukaa kwanza.

4. Amemshawishi Nyakwawa kutunga sheria kwamba mume ambaye mkewe atajifungulia nyumbani kwa uzembe atatoa mbuzi. Mbuzi wa mdogo wangu amekwisha kuliwa na kina mama wanaongojea siku zao. Kamati haikualikwa.

5. Hili ndilo zito, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hakuna anayekufa.

Kwa miezi kumi na minne kina mama mia moja themanini na mmoja wamejifungua hapa, na wote wamerudi makwao kwa miguu. Seremala wetu Mhango, ambaye zamani alikuwa na kazi ya uhakika, sasa anatengeneza vitanda vya watoto, tena vibaya. Mwaka mmoja kabla mkunga hajaja tulizika sita. Mmoja wao alikuwa Tawonga, mke wa mwanangu wa kwanza, aliyekata roho kwenye mkokoteni tukiwa tumebakiza kilomita tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nawaongoza wale ng'ombe. Niliendelea kuwachapa kwa kitambo baada ya mama yake kuniambia niache. Silitaji hilo kama lalamiko. Nalitaja kwa ajili ya takwimu.

Sasa, Mheshimiwa, utakumbuka nilikuja kwako mwezi wa nne kuomba mkunga wa pili. Nilikueleza kwamba huyu mmoja hajapata likizo hata siku moja, kwamba amekonda, na kwamba juzijuzi alisinzia amesimama, na mkasi mkononi. Ulifungua faili, ukalitazama, ukalifunga. "Mzee," ukaniambia, "wahudumu tunawapeleka penye vifo. Nyinyi kwenu ni sifuri. Nyinyi hamna shida." Nikasema shida hatuna kwa sababu ya mtu mmoja, naye anaelekea kuisha. Ukajibu kwamba fomu haina nafasi ya kuandika hilo.

Nililitafakari jambo hili njia nzima nikirudi, na kwa kuwa baiskeli ilipata pancha, nililitafakari sana. Nikaona kwamba ulisema kweli, na kwamba anayetuharibia ni NyaMsowoya mwenyewe. Kila mama anayemwokoa anatupunguzia haki yetu ya kupata mkunga. Akiendelea hivi mwaka mwingine, nahofia mtamwondoa hata yeye kwa kuwa hana kazi.

Ndiyo maana naomba umchukue sasa, kwa hiari yetu. Mpeleke akapumzike kwao ziwani, ale samaki. Kwa hesabu ya mtu aliyekuwa karani miaka thelathini, tutafikisha vifo vinne kabla ya mavuno, au vitano mvua zikikata barabara. Hapo tutajaza fomu kwa wino mweusi, wewe utatuletea wahudumu kwa wingi, na kila mtu atakuwa amefuata utaratibu. Tuliitisha hata mkutano wa wajawazito ili tupate wa kujitolea, jambo hili lisiachwe kwa bahati nasibu. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, kisha wakaondoka na kiti changu.

Nakuomba ulishughulikie kabla ya masika. Uwasalimie karani wako mwenye kikohozi, mlinzi wa geti aliyenigawia chai yake, yule mama wa masjala ambaye hupoteza barua zetu bila ubaguzi, na wote wanaokaa kwenye benchi nje ya mlango wako. Nadhani ni walewale.

Wako katika kujenga taifa lenye takwimu bora,

Sangwani Harawa,
Mwenyekiti.

Nyongeza, baada ya sahihi:

Barua hii imechelewa siku tatu. Asubuhi ya Jumatano, yule niliyempa baiskeli ili ailete barua hii mjini alikuwa bado uani kwangu akinywa uji wakati binti yangu Temwa, mwenye mimba ya miezi minane, alipoacha kupepeta mahindi, akasema "Baba," basi. Damu ilikuwa imefika kwenye nyayo. Tulimpakia kwenye baiskeli, tukakimbia.

NyaMsowoya mwenyewe tulimkuta kitandani na malaria, dripu yake imetundikwa kwenye msumari. Aliinuka. Akaishusha ile chupa, akanipa niishike juu, akanawa, akafanya kazi na mpira ukiwa bado umeingia mkononi mwake. Tulikuwa humo saa nzima na zaidi. Ilipofika mahali pabaya alinitazama mara moja tu. "Baba, lia," akasema, "lakini mkono usishuke."

Haukushuka. Temwa anakula. Mtoto ni wa kike, na kwa kelele zake Nyakwawa amesema ataingia kamatini.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Usimguse mkunga wetu. Mletee mwenzake. Na kama fomu yako haiwezi kabisa kwenda bila maiti mmoja wa uzazi, basi andika hivi: Sangwani Harawa, miaka sitini na saba, amefariki akijifungua. Sitakata rufaa. Najua litaonekana jambo gumu kuaminika, lakini ofisi yako imekwisha kuandika makubwa zaidi ya hilo. Kwa adabu sikulitaja mapema: kwenye ile orodha iliyobandikwa ukutani nyuma ya kiti chako, niliyoisoma mara tatu nikikungojea umalize simu, Phirilanjuchi ina wakunga watatu, daktari, na gari la wagonjwa.