Namna ya Kufukuzwa na Wamormoni Kabla ya Jumanne

Jumatatu, 28 Julai

Nimeamua. Naacha Umormoni! Miaka kumi na miwili imetosha. Barua ya kujitoa iko tayari: kurasa kumi na saba, kila aya na nambari yake, mwandiko wa ubaoni. Anayetaka kujua jinsi mtu aliyesoma anavyoacha dini, na aisome.

Nieleze kwa ufupi. Aya ya kwanza hadi ya tano: chai. Wameikataza, na kahawa pia. Mtu unakaa hapa Bongwe, unaletewa mahamri ya jirani yetu Biasha yangali yanatoa mvuke, kisha unayateremsha kwa maji ya mfereji! Mungu aliyeotesha majani ya chai hawezi kununa kwa sababu nimeyatia maji ya moto.

Aya ya sita hadi ya kumi: kanisa hili halikumpa mtu mweusi ukuhani hadi mwaka 1978. Mwaka 1978 nilikuwa nafundisha darasa la sita Msambweni. Nilikuwa na cheti, baiskeli na akili timamu, na wao walikuwa bado wanajadiliana kama nafaa.

Zilizobaki: siasa. Imani yao inataka tuwe chini ya marais na watawala. Vijana walipoandamana mwezi uliopita, Rai alitufundisha kwamba mtakatifu hukaa nyumbani kwake akatulia. Mimi niliwahi kufutwa kazi siku kumi na moja kwa ajili ya mgomo wa walimu! Sikutulia hata moja.

Rai ndiye rais wa tawi letu, yaani mchungaji, ila neno hilo hawalitumii. Hutengeneza friji Ukunda. Nilimfundisha mimi. Insha zake zilikuwa kama friji zake: zinanguruma, hazigandishi.

Uzoefu ninao. Kanisa la baba yangu nililiacha kwa kurasa tisa. La pili, kurasa kumi na mbili. Hakuna aliyejibu. Walishindwa hoja.

Kikwazo ni kimoja: Mama Baya. Huyo ndiye mke wangu, Kadzo. Ameandikishwa safari ya hekalu la Nairobi, Jumanne ya wiki ijayo, yeye na mimi, tukaunganishwe milele. Wao husema ndoa ya kawaida inaishia kaburini. Ya hekaluni haina mwisho. Lakini lazima wawe wawili. Ameshona gauni jeupe. Amelipiga pasi mara tatu. Leo nilianza kumsomea ukurasa wa kwanza akichambua mchicha. Akasema Baba Baya, sogea kidogo, unaniziba mwanga.

Sikuendelea.

Hapa ndipo akili inapotakiwa. Nikijitoa, nitakuwa mimi niliyemnyima milele yake. Nikifukuzwa, watakuwa wao! Nitarudi nimeinamisha kichwa, atanipikia wali wa nazi, tutawalaumu pamoja. Kwa hiyo nifukuzwe kabla ya Jumanne. Siku saba. Zinatosha hata kubakiza.

Jumanne, 29 Julai

Kahawa. Mzee Mbwana ana benchi lake la kahawa chungu mkabala na ukumbi wetu wa ibada, ulio juu ya duka la rangi. Ni rafiki yangu na ni mtu wa msikiti. Kwake ndiko nilikokuwa nikipitia kila Alhamisi, kwa siri, miaka yote hii. Leo sikujificha. Nilikaa uso barabarani tangu saa kumi alasiri.

Saa kumi na moja Rai akatokea na bomba la friji begani. Nikainua kikombe kama mtu anayeapa mahakamani.

Akasema shikamoo Mwalimu. Nikasema marahaba, nikavuta funda kwa kelele. Akaketi! Akauliza habari za goti langu. Nikamwambia wazi kwamba hiki ninachokunywa ni kahawa, tena ni cha tatu. Mbwana akacheka mpaka birika likatikisika. Akasema Mwalimu asilisingizie benchi lake. Ile ni tangawizi, na ndiyo aliyonimiminia tangu siku niliyobatizwa. "Mimi na dini ya mtu sichezi. Uharibikiwe hapa kwangu? Wallahi siwezi!"

Tangawizi! Nilidhani ni kahawa iliyozidishwa viungo. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikiivunja sheria kila Alhamisi, nikirudi nyumbani nimefurahi, moyo unanidunda kwa hatia. Kumbe nilikuwa muumini bora wa tawi zima.

Rai alimpa Mbwana mkono kwa heshima. Alisema mfano huo atautaja Jumapili.

Jumatano, 30 Julai

Wamisionari wawili wamekuja. Umri wao miaka kumi na tisa, na cheo chao ni Mzee! Mzee huyu, Mzee yule. Mimi mwenye miaka sitini na tisa na goti bovu naitwa Ndugu Kalama.

Mpango: niwakemee mpaka wakanishtaki. Niliwaketisha uani nikawapa aya ya sita hadi ya kumi, saa moja na dakika arubaini, bila maji. Mmoja wao, Mmarekani, akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Akasema amelisoma jambo hilo, linamuumiza, na jibu hana.

Hana jibu! Nami nilikuwa nimeliandalia jibu lake jibu. Nilifanya nini nalo? Nilibaki nalo mdomoni.

Kisha wakauliza kama kuna kazi. Wamepanga upya makuti ya jikoni yaliyong'oka tangu masika na wameliosha tangi la maji. Mama Baya aliwapa mahamri. Walipoondoka walinishukuru kwa somo. Nani humshukuru mtu aliyewatukana? Watoto wasiofunzwa adabu.

Alhamisi, 31 Julai

Nimempelekea Rai barua dukani kwake, katikati ya friji zilizopasuliwa matumbo. Akasema pole kwa kuhangaika, Mwalimu. Anayetaka kutoka huandika sentensi moja tu. Akachana karatasi, akaniandikia kielelezo: naomba jina langu liondolewe katika kumbukumbu za kanisa. Saini. Tarehe. Basi.

Sentensi moja! Kuingia nilisomeshwa miezi mitatu!

Nikamwambia sikuja kujitoa, nimekuja kufukuzwa. Akauliza kwa kosa gani. Nikamwonyesha kurasa kumi na saba. Alizisoma zote kwa kituo, kalamu mkononi. Alizisahihisha! Alisema aya ya nne inarudia ya pili. Akasema kuhusu mwaka 1978 hata yeye alilia alipojua, na kuhusu maandamano huenda alisema vibaya, atafikiri. Halafu, macho chini, akanikumbusha somo langu mwenyewe la darasa la saba: hoja moja, aya moja.

Akauliza kama Mama Baya anajua. Nikamwuliza gesi ya friji hudumu muda gani.

Ile karatasi nimeitia mfuko wa shati. Naiweka kama ushahidi wa uvivu wao.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimepata! Sijui kwa nini sikulifikiria mapema. Wakubwa wao wa zamani walioa wake wengi, kisha wakakatazwa, na siku hizi anayeoa wa pili hufukuzwa bila mjadala. Historia ndiyo hiyo, nami naitumia dhidi yao.

Nilimpigia Rai simu nikiwa kwenye benchi la Mbwana. Kwa sauti nzito nikaungama: nina mke wa pili huko Tiwi. Akauliza jina. Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema Hasina. Kisha Rai akasema, polepole, kwamba hilo ni zito na litabidi baraza likae.

Hatimaye! Nimekula sahani mbili.

Kosa dogo: sikutazama nani mwingine ameketi kwenye benchi.

Jumamosi, 2 Agosti

Ukunda nzima inajua. Na nieleze jambo ambalo mtu mzima kama mimi angelikumbuka: pwani yetu hii mke wa pili si kashfa, ni habari njema. Biasha ameniletea mahamri ya pongezi, kapu zima. Kijana wa bodaboda ameniita shemeji kwa kuwa kwao ni Tiwi. Mbwana amenuna. Mke ni Hasina, basi ni ndoa ya Kiislamu, na yeye hakualikwa hata kwenye pilau!

Saa nane akaja Dada Kahaso, kiongozi wa akina mama kanisani, na wenzake watatu, kumfariji Mama Baya. Nilijificha nyuma ya tangi. Ni safi sana sasa. Nilisikia kunong'ona, kisha nikasikia mke wangu anacheka.

"Tiwi? Huyu? Dukani tu hapo akienda hupumzika mara mbili! Na huyo Hasina amekwisha kusomewa kurasa kumi na saba, au bado yuko na raha zake?"

Walicheka mpaka Kahaso akaomba maji. Kumi na saba! Mimi nilimsomea mmoja. Kumbe amezisoma zote.

Mwanamume hujiandaa kwa matusi na machozi. Hajiandai kwa kutoaminiwa kabisa.

Jioni alilipiga gauni pasi mara ya nne. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Jumapili, 3 Agosti

Jumapili ya kwanza ya mwezi Wamormoni hufunga, na ibadani yeyote anayetaka husimama mimbarini kutoa ushuhuda. Yeyote! Hawampangi, hawamzuii. Mpango wangu ulikuwa kuzisoma kurasa zote kumi na saba mpaka wanivute kwa koti. Nilikula mahamri manne kwanza, kwa ajili ya sauti.

Rai akafungua nafasi. Nikaanza kunyanyuka. Goti likagoma. Mama Baya akatangulia.

Aliwaamkia wote. Akasema mume wake hana Hasina wala Husna. Anataka kutoka kanisani, na sababu zake amezisoma, nyingine ni za maana: ile ya mwaka 1978 imemnyima usingizi hata yeye. Lakini anamwogopa mkewe, kwa hiyo anatafuta watu wa kumfukuza ili yeye aonekane ameonewa. Akasema miaka arubaini na minne ameishi na mtu huyu, na neno chungu hajawahi kumwambia kwa mdomo wake. Ng'ombe wao alipokufa alimtuma jirani aje kusema. Jirani mwenyewe alikuwa bubu!

Watu wakacheka. Sikuona kichekesho. Yule jirani alikuwa hodari sana wa ishara.

Kisha yeye naye akaacha kucheka. Akasema gauni alilishona kwa sababu mwalimu mwenye maneno mengi humchosha mtu mchana, ila nyumba ikiwa kimya humchosha zaidi, na kaburini alihofia kimya. Nilitazama viatu vyangu. Vilihitaji rangi.

Akasema ananiachilia. Nairobi atakwenda, apokee baraka zake mwenyewe. Huko kuunganishwa kutangoja. "Lakini asidhani ameponyoka. Hapa kwetu walio hai hubatizwa kwa niaba ya wafu. Akitangulia yeye, nitaomba ruhusa, nitambatizisha upya, nitaunganishwa naye. Siku hiyo tutaona kurasa zake atazisomea wapi!"

Ukumbi mzima ukaitikia amina. Wale Wazee wa miaka kumi na tisa waliitikia kwa nguvu zaidi.

Akashuka, akanifungulia ile karatasi ya Rai. Aliikuta mfukoni akifua shati. Akanipa kalamu. Nikatia saini mbele ya watu wote. Rai akaipokea kwa mikono miwili, akasema mlango uko wazi daima, Mwalimu, na Jumatano wale vijana watakuja kumalizia makuti ya bandani.

Nimeshinda. Niko huru. Sijui kwa nini nilibaki nimeketi mpaka wimbo wa mwisho, na kwa nini niliuimba.

Jumanne, 5 Agosti

Mama Baya amekwenda. Nilimbebea begi mpaka stendi, gauni nikalishika mimi lisikunjike. Akasema maharagwe yamo chunguni, kuku wafungiwe mapema. Kwenye dirisha la basi akasema tutaonana Ijumaa, Baba Baya. Akaongeza: na hata baadaye. Akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mbwana nikadai kahawa, kahawa ya kweli, mimi sasa sina dini inayonizuia. Alisita, akanimiminia. Uchungu gani huu! Watu wazima hunywa hiki kitu kwa hiari? Niliacha nusu nikaomba tangawizi.

Mbwana akauliza, kwa upole, sasa nikifa nitazikwa na nani. Msikitini simo, kanisani nimetoka, wazee wa kaya, walinzi wa dini ya mababu, niliwaandikia kurasa nane mwaka ule wa ukame. Nikamweleza kwamba swali lake limekosea msingi. Hatari si kukosa wa kunizika. Hatari ni Mama Baya kunipata nikiwa mfu, sina pa kujitetea. Ana miaka sitini na tatu na magoti mazima.

Dawa ninayo. Mfu aliyekwisha kuwa na kanisa lake atakuwa na watu wa kumtetea asibatizwe upya. Hapa Bongwe kuna kanisa la Mchungaji Nzai, lenye tarumbeta. Wanakunywa chai, tena ya maziwa. Leo mchana nimemwandikia kuomba kujiunga. Nilipomaliza nikaona mkono bado mwepesi, nikaandika na barua ya kujitoa, ikae tayari: kurasa sita kwa kuanzia. Tarumbeta pekee imechukua mbili.

Mama Baya bado hajui. Nimemwomba Mbwana amwambie.