Naomba Ubahili Wangu Usisomwe Hadharani

Kwa Mwalimu wa Fasihi,

Pokea salamu za heshima. Mimi ni yule fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na posta, baba wa binti aliyepata alama za juu kuliko wote katika insha yako. Nimeambiwa kwamba Ijumaa insha hiyo itasomwa mbele ya wazazi. Naandika kupinga. Uniwie radhi kwa karatasi, ni mgongo wa kalenda ya mwaka jana, maana upande mmoja ulikuwa bado mzima.

1. Uliwapa wanafunzi kile kitabu kidogo cha Ulaya ya kale, cha mzee bahili aliyetishwa na mizuka usiku, akaamka asubuhi mkarimu. Ukawataka wachambue jinsi moyo wake ulivyobadilika. Sawa. Lakini wenzake walitafuta mifano kitabuni, binti yangu akaitafuta sebuleni. Aya ya pili ni mimi mwanzo mwisho. Ameandika kwamba baba yake huanika majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Ni kweli nayaanika, lakini kwa matumizi ya mara ya pili tu. Ya tatu huwa nayamwaga, na hilo hakuliandika.

2. Sketi. Alipoanza kidato cha kwanza nilimshonea ya shule, nikaacha pindo refu kwa ndani ili kila mwaka nilifungue kidogo. Yeye kaandika kwamba upendo wa bahili ndivyo ulivyo: upo, ila umekunjwa ndani, unafunguliwa kidogo kidogo, na mtoto anatembea na alama ya pindo la zamani ambayo kila mtu anaiona. Nawe, Mwalimu, ukaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Safi sana!" Safi kitu gani? Mimi miaka yote nilidhani ile alama haionekani.

3. Uchambuzi wenyewe una kasoro. Mzee wa kitabuni hakubadilika, alitishwa. Mtu akionyeshwa kaburi lake, hata mimi ningegawa vifungo bure mpaka saa nne asubuhi. Tena yeye alipewa mizuka kadhaa. Mimi nina mama watoto peke yake, naye amenionya tangu tuoane bila kulipwa wala kutoweka. Sasa nyumba nzima inanichungulia kila nikiamka, eti kuona kama nimeshabadilika! Juzi mkono uliteleza nikazidisha sukari kwenye chai, shemeji yangu akapiga makofi. Aibu niliyoipata! Jioni nikanywa bila sukari kabisa ili kurudisha heshima yangu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Jioni aliyotusomea insha hiyo, alipomaliza aya ya pili nilizima taa, nikasema umeme hauokotwi. Alikunja karatasi zake gizani, na kesho yake akahamia kwa mama yake mdogo. Hajarudi. Matumizi ya sukari yamepungua, na nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, Mwalimu.

Kwa hiyo naomba insha isisomwe. Alama zipunguzwe, si lazima zote. Na kitabu kifanyiwe marekebisho, mzee aamke vilevile alivyolala, ili watoto wasiwadai wazazi wao miujiza. Kama haiwezekani, nitalipeleka suala hili kwa mwalimu mkuu, kisha kwa wakubwa wa elimu, kisha kwa mwandishi mwenyewe. Nasikia alishafariki zamani, basi nitawaandikia ndugu zake.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na yule mpishi, umwambie suruali yake iko tayari.

Wako katika malezi,
Fundi Cherehani
(mtaani wananiita Mkono wa Birika, sijui wamelitoa wapi jina hilo)

Nimesahau: Ijumaa nitafunga kibanda kutwa nzima. Naomba viti viwili vya mbele, changu na cha mama watoto. Binti yangu akiniona nimekaa pale, huenda akataka kuiruka aya ya pili kwa kunionea huruma. Tafadhali mkatalie. Aisome yote, taratibu, mpaka mwisho. Sijui inaishiaje, na nataka kusikia kama mwishoni nabadilika.