Mzigo Kutoka Mji Ambao Sikuwemo

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi nzima nimekaa ndani ya kilori changu, simu mapajani kama kuku anayeatamia. Sisi wa mizigo ya haraka kazi yetu ndiyo hiyo: kusubiri, halafu kukimbia. Dada wa Simu, anayepanga magari kwenye kampuni, alipiga. Nikapokea kabla ya mlio wa kwanza kwisha. Kipuri cha kiwanda cha sabuni. Nikaenda mbio, nikafika, hakuna aliyesema ahsante. Mlinzi akaniacha getini nichomwe jua. Mara akatokea Mpole, dereva mwenzangu, na lori lake. Mlinzi akampigia saluti! Nikamuuliza, mwenzangu huyu ana nini ambacho mimi sina?

"Huyo mpaka umpate umesota, mzee," akasema. "Wewe upo upo tu."

Upo upo tu! Nayaandika ili yaniume vizuri.

Jumanne, 7 Mei

Nimetafakari. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi najitembeza. Kuanzia leo naadimika.

Dada wa Simu kapiga. Nikaiacha ilie, na moyo ukilia nayo. Alipopiga tena nikapokea kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. Nikamwambia nimebanwa, kuna mwenye mzigo mkubwa kanikamata. Nilitarajia anibembeleze. Akasema hongera kaka, siku zote nilikuwa nakuombea hilo. Safari akampa Mpole.

Mke wangu alikuwa akianika nguo hapo nje. Akauliza kama huyo mwenye mzigo mkubwa ni yeye, maana anao wa matofali, uko kwa mama yake tangu mwaka jana unanisubiri.

Nimeshinda nikibeba matofali.

Jumatano, 8 Mei

Kubanwa hakutoshi. Lazima niwe mbali. Dada wa Simu alipopiga nikamwambia nimeshusha mzigo kwenye mji wa mpakani, mwendo wa kutwa kutoka hapa. Ukweli ni kwamba nilikuwa chooni.

Akasikitika. Kiwanda cha sabuni mashine imekufa, na meneja kanitaja mimi. "Yule wa kilori, yule asiyechelewa." Mimi! Kwa mara ya kwanza maishani natafutwa, nami nimejipeleka mpakani! Nikataka kusema narudi sasa hivi, lakini mpakani hakurudiwi kwa kufumba na kufumbua. Kapewa Mpole.

Nimekificha kilori nyuma ya nyumba chini ya turubai. Mke wangu kauliza kama gari limefiwa.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa! Dada wa Simu kapiga alfajiri, anacheka kwa furaha. Jana yote kahangaika ili nisirudi mtupu, na amenipatia mzigo wa kurudi nao. Huko huko mpakani! Vifaranga, wametotolewa leo, na wanatakiwa wafike huku wakiwa hai. Mwenyewe ni bibi mmoja ambaye kampuni imembembeleza miaka, hataki hata kusikia habari za madereva. Dada wa Simu kamwapia kwamba gari liko hapo hapo mjini na dereva ni mtu wake. "Usiniangushe, kaka."

Ukweli ulinifika ulimini, ukakuta uongo umekalia kiti chake. Nikasema niko njiani, huku nikifungua turubai.

Nimeendesha kama niliyeiba. Kila alipopiga, mimi nilikuwa karibu. Nanunua maji. Natafuta geti. Nimekwama kwenye foleni. Akashangaa, mji mdogo ule foleni ya nini? Nikasema mbuzi. Mbuzi walipokwisha nikasema pancha.

Nilifika jua linazama. Bibi alikuwa amekaa nje peke yake. Hakupandisha sauti. Kaniambia vifaranga walianza kulala kwa joto kwenye masanduku, wengine hawakuamka, waliobaki kawaombea nafasi kwenye gari la mboga. Kisha akainuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Mwanangu," akasema, "mwenye pancha hachemki hivi."

Narudi mtupu.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nimepiga mimi. Dada wa Simu kaniambia bibi kaifungia kampuni mlango, na bosi anauliza ni nani aliyeapa. Anataka kumtoa kwenye simu ampeleke stoo akakunje maturubai. Naye kamwambia bosi kosa si la dereva, dereva alipata pancha.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Kaka, kule ulikuwepo kweli? Niambie tu. Sitakasirika."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kuingia tu. Nikaapa. Nikamsimulia mpaka yule mbuzi wa mbele, mwenye pembe moja.

"Basi imetosha," akasema. "Nimekuamini."

Nimekaa kwenye usukani muda mrefu. Mke wangu kaniletea chai, na hakutania hata neno moja. Afadhali angetania.

Jumatatu, 13 Mei

Dada wa Simu yuko stoo. Nimempelekea machungwa. Kayapokea kwa mikono miwili, kauliza kama ile pancha niliiziba vizuri. Nikasema vizuri sana. Akaendelea kukunja. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, fupi, ya ukweli. Nimerudi nayo nyumbani.

Simu sasa imeshikwa na mpwa wa bosi. Hanijui, na kutwa nzima hajanipigia. Nimejuta. Nimejuta kwa makini, nimetafuta mahali hasa nilipokosea, na namshukuru Mungu nimepaona: mpakani kulikuwa mbali mno. Mtu mwenye akili huchagua mji wa jirani.

Simu imelia jioni hii. Mpwa! Kauliza niko wapi. Nimemtajia mji wa jirani, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. Kafurahi kupita kiasi. Yeye mwenyewe yuko hapo hapo, kasimama katikati ya stendi, ana mzigo mkononi. Eti nipige honi tu, atanifuata.

Nimepiga. Anasema bado hasikii.