Kiti cha Heshima kwenye Basi la Naryn

Idara ya Utulivu wa Abiria Milimani ina furaha kuutangazia umma kwamba basi la kutoka Ak-Bulung kwenda Naryn halitikisiki. Jambo hili limethibitishwa na kamati ya watu tisa, waliokaa ndani ya basi hilo kwa dakika arobaini, kwenye uwanja wa idara, injini ikiwa imezimwa. Mimi ndiye katibu wa kamati.

Malalamiko yalitoka kwa mtu mmoja tu, Bibi Uulkan wa Ak-Bulung, mwenye miaka sabini na moja na mgongo mbovu. Barua saba. Kila baada ya wiki mbili huenda Naryn kwa daktari, mwendo wa saa nne. "Daktari ananinyoosha, basi linanikunja," aliandika. "Badilisheni springi za nyuma, la sivyo siendi tena, nitabaki nimepinda." Tulimjibu kwamba kutikisika hakumo katika orodha ya kasoro zinazotambuliwa, tukamshauri akae mbele.

Ushauri ulikuwa mzuri, ila hautekelezeki. Kwa mila ya kijiji hicho, mkubwa hakai karibu na mlango. Huko ni kwa mabibi harusi na watoto. Mkubwa hupelekwa ndani kabisa, iwe nyumbani, hemani au kwenye basi. Na ndani kabisa ya basi ni kile kiti kirefu cha nyuma, juu ya springi zilizokufa. "Nikikataa," alituandikia katika barua ya nane, "watasema nimewasusia."

Ili kumaliza ubishi, Mkurugenzi Toktomambet aliamua kupanda basi hilo mwenyewe. Tulifika Ak-Bulung kwa gari la idara, akaliamuru lirudi tupu ili wapiga picha waone imani yake. Nami, kwa umakini wangu wa kawaida, nilikuwa nimeshaandikia kijiji: Mheshimiwa apewe nafasi inayolingana na cheo chake.

Wakampa.

"Pita ndani, mwanangu, pita," alisema Bibi Uulkan, akiinuka kwenye kiti cha nyuma kwa wepesi ambao daktari wake hajawahi kuuona. "Leo mkubwa ni wewe."

Mkurugenzi alikaa katikati, akatabasamu. Mimi, kwa udogo wa cheo changu, niliwekwa nyuma ya dereva. Palikuwa pazuri sana.

Kwenye korongo la kwanza kofia yake ndefu ya manyoya iligonga dari, ikamshukia hadi puani.

"Dereva! Taratibu!"

"Hii ndiyo taratibu, mheshimiwa," Jekshen alijibu kutoka kwenye usukani. "Nikipunguza zaidi tutakuwa tumeegesha."

"Mbona hutulii, mwanangu?" aliuliza Bibi Uulkan, sasa yuko safu ya tatu, anatafuna tufaha. "Basi si halitikisiki?"

"Ha-ha-halitikisiki," alisema Mkurugenzi.

Baada ya saa moja alijaribu kuhamia mbele. Wanawake wote wakapiga kelele.

"Aibu gani hii! Mgeni wetu akae mlangoni kama mke wa juzi? Watu wa Naryn watatuonaje?"

"Nataka hewa tu, mama zangu..."

"Mfungulieni dirisha la nyuma!"

Wakalifungua. Vumbi likaingia lote.

Juu ya mlima, basi liliposimama watu wanyooshe miguu, aliniita pembeni, amejishika kiuno kwa mikono miwili.

"Andika. Springi mpya za nyuma, zote, wiki hii."

Nilimkumbusha kwamba ombi kama hilo hupitia kamati tatu na huchukua miezi mitano.

"Kamati ni mimi!" Akaniinamisha, akaweka karatasi mgongoni kwangu na kutia saini papo hapo.

Nikamsomea Bibi Uulkan uamuzi huo. Akataka nirudie. Kisha akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Wiki hii kweli?" alimuuliza Mkurugenzi.

"Wiki hii, mama. Naapa."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Akamshika mkono kwa upole, akamwelekeza mlangoni. "Sasa panda. Bado saa mbili, na kiti chako hakuna aliyekigusa."